Baiskeli ni Dawa, Njia Isiyokwisha ni Mtego



Katika nyumba nyingi za Unyambwa baiskeli si chombo cha mtu mmoja, ni chombo cha familia nzima. Asubuhi inampeleka mtoto shuleni. Baadaye inabeba mahindi kwenda mashineni, mchana inachota maji kwa madumu, na siku ya mnada inabeba tenga la kuku au dumu la mafuta ya alizeti kwenda mjini Singida. Hata mgonjwa amewahi kufikishwa zahanati akiwa ameketi kwenye keria. Kwa hiyo ukurasa huu haukusudii kumfundisha mtu wa Unyambwa namna ya kupanda baiskeli.

Safari hii tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi hawalifikirii kuwa ni la afya, nalo ni kupita kwa baiskeli kwenye njia ya usafiri wa umma ambayo bado inajengwa. Njia ya namna hiyo huonekana nzuri. Ni pana, imenyooka, na magari hakuna. Lakini ndiyo inayowavunja watu mikono na vichwa.

Huenda mtu akauliza: sisi na njia hizo wapi na wapi? Jibu ni kwamba zinatugusa kwa pande mbili.

Kwanza, ziko mkoani kwetu. Reli ya kisasa inayotoka Dar es Salaam ilianza kubeba abiria hadi Morogoro mwezi Juni 2024, na hadi Dodoma mwezi Julai mwaka huohuo. Kutoka Dodoma njia hiyo inaingia mkoa wa Singida kwa upande wa Makutupora, wilayani Manyoni, na mkataba wa kuijenga kutoka Makutupora hadi Tabora ulisainiwa Desemba 2021. Mwaka 2025 sehemu hiyo ilikuwa bado ikijengwa. Maana yake ni miaka mingi ya matuta ya udongo, barabara za malori ya mkandarasi na madaraja yasiyokwisha, karibu na vijiji ambako watu husafiri kwa baiskeli.

Pili, watoto wetu wako Dar es Salaam. Ni nadra kukuta ukoo hapa usio na kijana aliyekwenda kutafuta maisha huko. Wengi wao huanza na baiskeli: wanauza samaki, maziwa, machungwa au mkaa, au wanaitumia kwenda kibaruani ili kuokoa nauli ya daladala. Na Dar es Salaam kwa miaka mingi imekuwa mji wa njia zinazojengwa.

NJIA ZA MWENDOKASI

Mabasi yaendayo haraka, ambayo watu wote huyaita mwendokasi, yalianza kubeba abiria Dar es Salaam mwezi Mei 2016. Njia ya kwanza ina urefu wa karibu kilomita 21. Shina lake ni Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara hadi Kivukoni, na ina matawi ya kwenda Gerezani, Kariakoo, na Morocco. Mabasi yamepewa njia zao katikati ya barabara, na ukingo wa zege unazitenga na magari mengine.

Baada ya hapo ikafuata njia ya pili, Barabara ya Kilwa kwenda Mbagala. Ujenzi wake ulianza mwaka 2019, lakini mabasi hayakuanza kubeba abiria mpaka Oktoba 2025. Njia ya tatu, ya Barabara ya Nyerere kwenda Gongo la Mboto, ilianza kujengwa mwaka 2022, na ikafuatiwa na ya nne, ya Barabara ya Bagamoyo kwenda Tegeta.

Hebu tuitazame hiyo ya Mbagala. Tangu kuanza kwa ujenzi mpaka kuja kwa mabasi ilipita miaka sita. Katika muda huo sehemu kubwa ya njia ilikwisha kumwagwa zege, lakini basi hakuna. Pembeni daladala na malori yamesongamana, katikati njia pana iko wazi. Si ajabu basi kwamba waenda kwa miguu, bodaboda na wapanda baiskeli walizoea kuipita kana kwamba ni yao. Mtoto aliyekuwa na miaka 6 ujenzi ulipoanza alikuwa na miaka 12 mabasi yalipokuja. Utoto wake wote ameiona njia ile kama uwanja.

Hapo ndipo penye hatari tunayotaka kuieleza. Njia hubadilika kwa siku moja, lakini mazoea ya watu hayabadiliki kwa siku moja.

BAISKELI NI DAWA

Kabla hatujaeleza hatari, tuseme wazi kwamba hatumkatazi mtu baiskeli. Kinyume chake, tunaipenda. Siku hizi zahanati zetu hazijai wagonjwa wa malaria na kuhara peke yao. Shinikizo la damu, kisukari na kiharusi, magonjwa ambayo zamani tuliyaita ya wakubwa wa mjini, yameingia vijijini, na sababu mojawapo ni kwamba tunatembea kidogo kuliko wazazi wetu.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima autumikishe mwili wake kwa nguvu ya kiasi angalau dakika 150 kwa wiki, na ikiwezekana afike dakika 300. Tufanye hesabu. Mtu anayeishi kilomita 8 kutoka kazini, akienda kwa mwendo wa kawaida wa kilomita 16 kwa saa, hutumia nusu saa kwenda na nusu saa kurudi. Kwa siku tano za kazi amefikisha dakika 300. Hakulipa nauli, wala hakutafuta muda wa mazoezi, maana safari yenyewe ndiyo mazoezi.

Miguu inapozungusha pedali, misuli mikubwa ya mapaja huchoma sukari iliyomo katika damu. Moyo huzoea kusukuma damu nyingi kwa pigo moja, na mishipa hubaki laini. Kwa mtu mwenye magoti yanayouma baiskeli ni nafuu kuliko kukimbia, kwa sababu uzito wa mwili umekaa kwenye kiti. Lakini kiti kiwe na kimo kinachofaa: pedali ikifika chini kabisa, goti libaki limekunjwa kidogo tu. Kiti kilicho chini mno huumiza magoti, na wengi wetu tunapanda hivyo kwa sababu baiskeli ni ya baba, na sisi hatukuishusha wala kuipandisha.

Ikiwa una shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo, anza polepole, kwenye njia tambarare, na mwulize kwanza mganga wako. Hapa Singida tukumbuke pia upepo wetu. Kwenda kinyume cha upepo wa alasiri ni kazi sawa na kupanda mlima. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukatika ni amri ya kushuka na kupumzika, na kama hayaishi, ya kwenda hospitali.

HATUA TATU ZA NJIA, HATARI TATU

Watu hudhani njia inayojengwa ina hatari moja tu, yaani mashimo. Sivyo. Hatari hubadilika kadiri njia inavyokua.

Hatua ya kwanza ni ya udongo. Greda limepita, kifusi kimemwagwa, mitaro imechimbwa, na nondo zimesimama wima zikingojea zege. Hapa mpanda baiskeli huanguka mwenyewe bila kugongwa na mtu. Jioni anapita salama, usiku mafundi wanachimba, na alfajiri anakuta shimo pale alipopita jana. Kwa hiyo usiseme, "Njia hii naijua." Njia inayojengwa haijuliki, maana ya jana si ya leo.

Vumbi nalo ni la hatua hii. Vumbi la barabara huamsha pumu na kukohoza watoto. Vumbi la mawe yanayokatwa na kusagwa ni baya zaidi: mtu anayelivuta kwa miaka, kama vibarua wanaokata mawe bila kujikinga, anaweza kupata ugonjwa wa mapafu usiopona. Anayepita tu hapati ugonjwa huo kwa safari moja, lakini afunge pua na mdomo kwa kitambaa, na asiwafuate malori kwa karibu. Vumbi la saruji likiingia jichoni, usifikiche. Saruji huunguza. Osha jicho kwa maji safi mengi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha nenda hospitali.

Hatua ya pili ni ya njia tupu. Zege au lami imekwisha, lakini taa, alama na vivuko havijawekwa, na mabasi hayajafika. Hapa ndipo watu hujisikia salama, na hapa ndipo hatari hugeuka sura. Anayekuumiza sasa si shimo, ni mwenzako. Bodaboda anakuja kwa kasi kwa sababu hakuna cha kumzuia. Mwingine anakuja upande usio wake, kwa sababu hakuna upande. Gari la mkandarasi linarudi nyuma, na dereva hamwoni mtu. Ukingo wa zege unaotenga njia, ukiugusa kwa tairi la mbele kwa mshazari, hukutupa upande wa pili kwenye magari.

Hatua ya tatu ni ya kufunguliwa. Mabasi yanaanza, mara nyingine kwa majaribio kabla ya sherehe. Basi refu la mwendokasi lenye kiungo katikati lina urefu wa mita 18. Likienda kilomita 50 kwa saa, linapita karibu mita 14 kila sekunde moja. Ukitazama nyuma kwa sekunde mbili tu, basi limekwisha kukaribia mita 28. Na dereva hawezi kukukwepa, kwa sababu kushoto kwake ni ukingo wa zege na kulia kwake ni basi lingine linalokuja. Njia hiyo haikuwekewa nafasi ya makosa. Ndiyo maana baiskeli, pikipiki na mikokoteni hukatazwa kuingia humo, na katazo hilo ni la kuokoa maisha yako.

Reli ya kisasa ina hatari kubwa kuliko hiyo. Treni yake imetengenezwa kwenda hadi kilomita 160 kwa saa, yaani mita 44 kwa sekunde, nayo hutumia umeme, hivyo haina mngurumo wa kukuonya kama treni ya zamani ya dizeli. Waya wa juu una umeme wa volti 25,000. Umeme wa nguvu hiyo unaweza kumrukia mtu kabla hajaugusa waya. Kwa hiyo kijana asipande juu ya behewa, wala asirushe kamba au waya, wala asinyooshe mti mrefu chini yake, hata kama mwaka mzima hakuona treni ikipita. Hakuna ajuaye siku ambayo waya utatiwa umeme, ila mafundi wenyewe.

Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilisema kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka duniani kote. Zaidi ya nusu yao hawakuwa ndani ya magari: walikuwa waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, ajali za barabarani ndizo chanzo cha kwanza cha vifo. Tunapomwandaa kijana kwenda mjini humpa nauli, shuka na wosia wa kujihadhari na marafiki wabaya. Wosia wa barabara pia ni haki yake.

KABLA HUJATOKA NYUMBANI

Baiskeli ya shamba inaweza kuvumilia mengi, lakini njia yenye kokoto na magari haivumilii uzembe. Kagua mambo haya kila asubuhi, ni kazi ya dakika mbili:

1. Breki. Bana breki ya mbele, sukuma baiskeli: isisogee. Fanya hivyo kwa ya nyuma. Kusimamisha baiskeli kwa kuburuza kandambili chini si breki.

2. Matairi. Bonyeza kwa kidole gumba. Tairi laini huteleza kwenye kokoto na kuharibu rimu.

3. Usukani. Bana tairi la mbele katikati ya magoti, jaribu kuuzungusha usukani. Ukizunguka peke yake, peleka kwa fundi kabla ya safari.

4. Mnyororo. Uwe na mafuta na usilegee. Mnyororo unaokatika ukiwa unavuka barabara hukuacha katikati.

5. Taa na kiakisi mwanga. Mbele taa nyeupe, nyuma kitu chekundu kinachong'aa kikimulikwa. Huna fedha? Funga kitambaa cheupe kipana mgongoni. Dereva hawezi kumkwepa asiyemwona.

6. Kengele. Kwenye njia tupu ya ujenzi ndiyo sauti yako ya pekee.

7. Kofia ngumu. Tunajua kijijini ni wachache walio nayo, na wengine huicheka. Lakini mfupa uliovunjika huunga, ubongo ulioumia mara nyingi haurudi kama zamani. Kofia ngumu iliyofungwa sawasawa chini ya kidevu hupunguza sana majeraha ya kichwa. Iliyoachwa wazi huruka kabla ya kichwa kufika chini.

Mzigo nao tuupime. Baiskeli yenye madumu manne huchelewa kusimama kuliko isiyo na mzigo, na mzigo uliofungwa juu mno huiangusha kwenye kona. Funga mzigo chini, pande zote mbili sawa. Mtoto mdogo akiketi kwenye keria, miguu yake iwekewe mahali pa kukanyaga mbali na spoki. Visigino vingi vya watoto vimechanwa na spoki.

UKIWA NJIANI

Mahali ujenzi unapoendelea, fuata barabara ya mchepuko hata kama ni ndefu. Ukiona utepe, mapipa au mawe yamepangwa kuziba njia, usiyasogeze ili upite. Wewe utapita salama, lakini anayekuja usiku nyuma yako hataona kizuizi.

Pita upande wako wa kushoto, hata kama njia ni tupu na pana. Siku itakapojaa, mwili utakuwa umekwisha kuzoea.

Penye kokoto au mchanga mzito, punguza mwendo kabla ya kufika, si baada ya kuingia. Ndani ya kokoto usikate kona wala kubana breki ya mbele kwa nguvu. Penye shaka, shuka na usukume. Kushuka si aibu.

Unapovuka reli, ya zamani au mpya, vuka mahali palipowekwa pa kuvukia tu, na uikate moja kwa moja. Ukiivuka kwa mshazari tairi huingia katika ufa wa kando ya chuma na kunaswa. Simama, tazama pande zote mbili, sikiliza, ndipo uvuke.

Mvua inapoanza, dakika za kwanza ndizo mbaya, kwani vumbi na oili hugeuka kuwa utelezi. Na maji yakifunika njia, usiingie. Wakazi wa Dar es Salaam wanaijua Jangwani, katika bonde la Mto Msimbazi, ambako njia ya kwanza ya mwendokasi imefungwa mara kwa mara kwa ajili ya mafuriko. Ikiwa basi kubwa linasimamishwa na maji hayo, baiskeli itapita vipi? Katika njia isiyokwisha, chini ya maji huenda kuna mtaro ambao haujafunikwa.

Usisikilize muziki kwa masikio yote mawili. Usishike simu. Na usijishikilie lori ili likuvute. Vijana hufanya hivyo kwenye miinuko, na lori linapofunga breki wao huingia chini ya tairi la nyuma.

AKIANGUKA MTU

Tukio likitokea, mtu wa kwanza kufika ndiye mganga wa kwanza. Afanye hivi:

Kwanza, azuie magari na bodaboda wasimgonge aliyeanguka. Aweke matawi au baiskeli mbali kidogo, pande zote mbili.

Pili, asimnyanyue kwa haraka. Ikiwa mgonjwa analalamika shingo au mgongo, au hana hisia miguuni, asisogezwe ila kwa hatari kubwa kama moto au magari. Ikilazimu, watu kadhaa wamsogeze kwa pamoja, mmoja akishika kichwa kisipinde.

Tatu, damu inayotoka kwa wingi izuiwe kwa kukandamiza kidonda kwa kitambaa safi, bila kuachia. Asiweke majivu, mafuta ya taa wala udongo.

Nne, mkono au mguu uliovunjika ufungwe kama ulivyo, kwa vipande vya mbao na kitambaa, usinyooshwe. Anayeanguka kwenye baiskeli mara nyingi huvunjika kifundo cha mkono au mtulinga, maana hujikinga kwa mikono.

Tano, michubuko ioshwe kwa maji safi na sabuni mpaka mchanga wote utoke. Kidonda chenye udongo chaweza kuleta pepopunda. Nenda zahanati ukaulize kama unahitaji sindano ya kinga, hata kama kidonda ni kidogo.

Sita, na hili tunaomba lisisahaulike, ni juu ya kichwa. Mtu anaweza kuanguka, akainuka, akacheka na kwenda nyumbani, kumbe damu inavuja polepole ndani ya fuvu. Kwa siku mbili za kwanza asiachwe peke yake. Akitapika mara kwa mara, akisinzia kuliko kawaida au asiamke vizuri, akichanganyikiwa, akipata degedege, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, au maji au damu ikitoka masikioni au puani, apelekwe hospitali mara moja, hata usiku. Hakuna dawa ya nyumbani kwa dalili hizi.

WAKATI WA KUOMBA NI SASA

Mpaka hapa tumemtaka mpanda baiskeli ajihadhari. Lakini si haki kumwachia yeye peke yake mzigo wote. Njia ikijengwa vizuri, hata mtu mwenye haraka au mtoto aliyesahau hubaki mzima.

Njia ya kwanza ya mwendokasi ilijengwa pamoja na njia za waenda kwa miguu na za baiskeli kandokando yake. Hiyo ilikuwa sehemu ya mpango uliofanya Dar es Salaam itunukiwe tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018, ikiwa mji wa kwanza wa Afrika kuipata. Hata hivyo, baada ya muda sehemu za njia hizo ziliingiwa na pikipiki, magari yaliyoegeshwa na meza za biashara, mpanda baiskeli akarudi kwenye magari. Fundisho ni kwamba kujengewa njia ni nusu ya kazi, kuilinda ni nusu ya pili.

Huko Dar es Salaam wapo wananchi walioungana kwa ajili hiyo katika UWABA, yaani Umoja wa Waendesha Baiskeli Dar es Salaam. Kwa miaka wamekuwa wakipita mjini kwa misafara ya baiskeli na kuwakumbusha wakuu kwamba anayepanda baiskeli naye ni msafiri. Hawakungoja barabara ikamilike ndipo waseme. Walijua kwamba zege likishamwagwa, kuongeza njia ya baiskeli ni kubomoa, na kubomoa hakuna fedha.

Nasi hapa yatufaa kuwa na akili hiyohiyo. Barabara za mijini na vijijini zinasimamiwa na TARURA, na barabara kuu na za mikoa na TANROADS. Mara wasikiapo wananchi wa Unyambwa kwamba barabara yao itapandishwa au kuwekwa lami, swali liulizwe kwenye mkutano wa hadhara, mbele ya mwenyekiti, mtendaji na diwani: Je, baiskeli na waenda kwa miguu watapita wapi? Kivuko mbele ya shule kitakuwa wapi? Wakati wa ujenzi, watoto watapita njia gani, na mashimo yatazungushiwa nini usiku? Maswali hayo hayana gharama kabla ya greda kufika. Baada ya hapo yana gharama kubwa.

WOSIA WA NYUMBANI

Wazazi, leo jioni itazameni baiskeli ya nyumba yenu pamoja na watoto. Wafundisheni kupima breki. Wekeni kitambaa cheupe au kiakisi mwanga nyuma yake. Waambieni kwamba tuta la mkandarasi si uwanja wa michezo, hata Jumapili mafundi wasipokuwapo.

Na kama mna kijana Dar es Salaam, mpigieni simu. Msimwambie aache baiskeli, maana ndiyo riziki yake na afya yake. Mwambieni: "Mwanangu, ile njia ya katikati, iwe tupu iwe imejaa, usiingie. Mabasi yakianza kupita, hakuna atakayekuja kukuamsha."

Afya njema, na tukutane tena katika toleo lijalo.